Ufunguo wa Pili Utengenezwe Wakati wa Kwanza Upo

Mimi ni fundi wa funguo za magari. Haya niliyazungumza Jumamosi asubuhi mbele ya madereva na wamiliki wa magari waliokusanyika Tabata, Dar es Salaam. Wengi walikuwa barabarani siku ile, wakaniomba niwawekee maneno yote. Nimeyaweka kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, madereva wenzangu, asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja wenu atoe ufunguo wa gari lake auweke kwenye kiganja. Mzee wangu pale nyuma, na wewe pia. Ushikeni. Sasa nauliza: ni wangapi kati yenu wana mwingine kama huo nyumbani, unaowasha gari? Siyo unaofungua mlango, nimesema unaowasha gari. Nyosheni mikono.

Mnaona wenyewe. Ukumbi mzima, mikono haifiki kumi. Hiyo ndiyo sababu nimekubali kuja kuzungumza leo.

Magari yetu mengi yanashuka bandarini yakiwa na ufunguo mmoja. Yamepita mnadani Japani, yamepita kwenye meli, yamepita kwa wakala, kwa dalali, mpaka kwako. Ufunguo wa pili ulibaki njiani. Wewe unafurahi gari limefika, unaendesha mwaka, unaendesha miaka mitatu, na maisha yako yote ya barabarani yananing'inia kwenye kipande kimoja cha chuma na plastiki. Kimoja tu!

Niwasimulie ya Segera.

Baba mmoja alitoka hapa Dar na familia yake, watu watano, wanakwenda Tanga kwenye harusi. Wakafika Segera, wakashuka kununua machungwa. Kurudi kwenye gari, ufunguo hauonekani. Wakatafuta kwenye majani, wakamwaga kapu la machungwa, watoto wakapekuliwa mifuko. Hakuna. Akanipigia simu jioni ile, sauti imekauka. Nikamuuliza swali moja: "Kaka, gari liliponunuliwa, ufunguo ulikuja na kibati kidogo cha alumini, chenye namba. Kiko wapi?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Kile? Nadhani kiko kwenye kikombe, juu ya kabati la vyombo."

Dada wa kazi akaamshwa, akapanda kiti, akakipata. Akakipiga picha, picha ikanifikia kwa WhatsApp. Kile kibati kina namba ya michongo ya ufunguo. Kwa namba ile nilichonga funguo mbili usiku uleule dukani kwangu, bila kuliona gari, bila kufungua hata skrubu moja. Asubuhi nikapanda basi la kwanza, begi mgongoni, ndani mna mashine yangu ya kuzungumza na kompyuta ya gari.

Nilipofika niliingiza ufunguo mpya kwenye swichi. Ukazunguka vizuri kabisa. Stata ikapiga, injini ikashika, na kabla hata ya kuhesabu mbili ikazima. Nikajaribu tena, ikashika, ikazima. Yule baba akaniangalia, akasema, "Fundi, ufunguo wako mbovu."

Ndugu zangu, ufunguo haukuwa mbovu. Ufunguo ulikuwa mgeni. Ulikuwa haujatambulishwa kwa gari.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi wanapoteza fedha zao kwenye hatua hii. Chukueni ule ufunguo mkononi. Sehemu ya chuma ina kazi moja: kuzungusha swichi. Ndani ya ile plastiki ya kushikia, kwa magari mengi, kuna chipu. Ni kitu kidogo, cheusi kama mkaa au kama kichupa cha kioo, ukubwa wake haufiki punje kubwa ya hindi. Haina betri. Nasema tena, chipu haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete ya waya uliosokotwa. Ukiwasha, ile pete inatoa nguvu ndogo hewani, kwenye kilohezi 125 hivi, na nguvu hiyo ndiyo inayoiamsha chipu. Chipu ikiamka inazungumza. Kompyuta ya gari, ile tunayoiita kontroli boksi, inasikiliza. Ikiridhika, inaruhusu nozeli zimwage mafuta na plagi zipige cheche. Isiporidhika, inafunga. Stata itazunguka mpaka betri iishe, lakini injini haitawaka, au itashika kidogo na kuzima kama ile ya Segera. Huo mfumo ndio unaoitwa imobilaiza.

Rimoti ni kitu kingine. Rimoti inafungua milango, na hiyo ndiyo yenye betri. Betri ya rimoti ikifa, gari bado litawaka. Chipu ikipotea, rimoti itafungua milango vizuri sana na utakaa ndani ya gari lisilokwenda popote.

Sasa, wanazungumza nini hawa wawili, chipu na kontroli boksi? Zile chipu za mwanzo zilisema neno moja tu, lilelile kila siku. Kama mtu anayebisha hodi akasema, "Ni mimi Juma." Aliyemsikia leo, kesho naye anaweza kuja akajiita Juma. Zilizofuata zikaja na akili nyingine, na ninyi akili hiyo mnaijua toka kwa bibi zenu. Kitendawili!

(Ukumbi ukaitika: Tega!)

Ndivyo hivyo hasa. Kontroli boksi inatega, chipu inategua. Kila unapowasha gari, kitendawili ni kipya. Jibu la jana halifai leo. Mwizi hata angejificha akasikia jibu la asubuhi, jioni halitamsaidia, maana ataulizwa kingine. Siri ya kutegua wanaijua wawili tu, chipu yako na gari lako. Na kuprogramu ufunguo maana yake ni hiyo: kuitia ile siri, ili gari na chipu mpya wafahamiane.

Turudi Segera. Kwa kuwa ufunguo uliosajiliwa haukuwepo hata mmoja, hakukuwa na wa kumdhamini mgeni. Ilibidi mfumo wote ufutwe na uanze upya. Kwa Toyota ya namna ile, mashine ikishachomekwa chini ya usukani, unasubiri dakika 16. Swichi iko wazi muda wote, umeme hautakiwi kushuka. Betri ikilala katikati, unarudi mwanzo, na ukiwa na bahati mbaya unaiharibu kontroli boksi yenyewe. Na betri ya yule baba ilikuwa hoi, kwa sababu usiku kucha aliacha taa za tahadhari zikiwaka ili gari lisigongwe. Dereva mmoja wa Hiace ya abiria, Mungu ambariki popote alipo, akasogeza gari lake, akatoa nyaya, tukaunga betri na betri. Tukasimama pale na jua la mchana, watu saba, tunaangalia kitaa chekundu kwenye dashibodi. Hakuna aliyefungua mlango, hakuna aliyegusa kitu. Dakika 16 ni ndefu, jamani. Kile kitaa kilipozima, mke wa yule baba akapiga kigelegele kabla hata sijawasha.

Hesabuni wenyewe gharama ya yule baba. Nyumba ya wageni vyumba viwili. Chakula cha watu watano. Nauli yangu kwenda na kurudi, na siku yangu nzima. Harusi ilishapita, akafika watu wanaosha masufuria. Na kazi yenyewe nilimtoza zaidi, kwa sababu kufuta na kuanza upya ni kazi kubwa kuliko kuongeza. Kazi ileile, kama angeniletea gari dukani akiwa na ufunguo wa kwanza mkononi, ingekwisha kabla chai haijapoa.

Kwenye baadhi ya Toyota za zamani ukiwa na ufunguo mama, huhitaji hata mashine. Ufunguo mama unachomekwa na kuchomolewa mara tano, mlango wa dereva unafunguliwa na kufungwa mara sita, unaingiza ufunguo mpya, unasubiri kama dakika moja taa izime. Mpangilio hutofautiana kwa toleo na mwaka, kwa hiyo msiende kujaribujaribu, lakini mnaona urahisi wake. Angalieni tu rangi. Toyota za namna hiyo zilitoka na ufunguo mweusi na wa kijivu. Mweusi ndio mama, unaweza kuutambulisha mwenzake. Wa kijivu ni wa kumpa mwosha magari, unawasha lakini hauna mamlaka ya kumwingiza mgeni. Mtu akikuuzia gari na ufunguo wa kijivu peke yake, jua umepewa mtoto, mama hayupo.

Wenye Nissan, ninyi nendeni na funguo zote mlizonazo. Kwenye Nissan nyingi, mashine ikianza kusajili inazifuta za zamani. Ule uliouacha nyumbani utaukuta umekuwa chuma tu.

Kuna kijana mmoja, dereva wa abiria, namwita mdogo wangu. Ganda la ufunguo wake lilikuwa limepasuka, akalifunga na raba bendi mpaka akachoka. Akapita Kariakoo, akaona kava mpya nzuri, akanunua. Muuzaji akamhamishia chuma, akamhamishia na kile kisahani cha rimoti, ganda bovu likatupwa kwenye ndoo. Akalipa, akaenda kwenye gari. Likashika, likazima.

Mnafikiri alikuja kwangu? Alivutwa mpaka gereji. Wakamwambia pampu ya mafuta imekufa. Akanunua pampu. Likashika, likazima. Wakasema plagi. Akanunua plagi nne. Likashika, likazima. Siku tatu gari halijaingiza hata shilingi, na mwenye gari anadai hesabu yake ya kila siku. Siku ya nne ndipo mtu akamleta kwangu. Nikauona ufunguo unang'aa, nikamuuliza, "Ganda la zamani liko wapi?"

Mashine haikuhitajika. Tulikwenda Kariakoo tukapekua mifuko ya taka ya yule muuzaji, ambaye kwa bahati alikuwa hajaimwaga. Ganda lililopasuka lilikuwemo, na chipu imelala kwenye kitundu chake pembeni, salama kabisa. Niliitoa kwa ncha ya kisu, nikaipachika kwenye kava mpya. Gari likawaka pale pale. Kijana alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akalia. Siku tatu, pampu mpya, plagi nne!

Ukibadilisha kava, chipu ihamie mbele ya macho yako. Muulize muuzaji: chipu iko wapi, nionyeshe. Asipojua, chukua ufunguo wako uondoke.

Mtauliza, mbona jirani yangu alichonga kwa fundi wa kando ya barabara, akawasha, hakuna cha mashine wala programu? Anasema kweli, kwa gari lake. Ufunguo wenye akili ulianza mdogo mdogo. Mwaka 1986 kule Marekani, Chevrolet Corvette ilitoka na ufunguo wenye rezista, yaani kipande kidogo cha kupunguza umeme, kwenye shina lake, na aina zake zilikuwa 15 tu. Kwa mwizi mwenye subira, 15 si nyingi. Chipu zikafuata miaka ya tisini, na Umoja wa Ulaya ukaweka sharti kwamba kuanzia Oktoba 1998 gari jipya la abiria liwe na imobilaiza. Kwa hiyo ukiwa na Land Rover Freelander au Discovery ya baada ya hapo iliyotoka Uingereza, chipu ipo, usiulize. Lakini kwa zilizotoka Japani, hasa gari ndogo kama Vitz, unaweza kukuta mbili zinafanana kama mapacha, moja ina chipu na nyingine haina. Kuna njia rahisi ya kujua. Zima gari, chomoa ufunguo, angalia dashibodi. Kama kuna kitaa chekundu chenye alama ya gari na kufuli kinapepesa taratibu, imobilaiza ipo na iko zamu.

Wenye magari ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, nina mawili tu kwenu. La kwanza, msinunue rimoti zilizotumika mkidhani zitakubali. Rimoti nyingi za namna hiyo zikishafungwa kwa gari moja hazifunguki kwa lingine mpaka zisafishwe kwa kifaa maalumu. Na rimoti ya soko la Ulaya inaweza kufanana na yako kwa sura, lakini yenyewe inasema kwenye megahezi 433, gari lako la Japani linasikiliza kwenye 315 au karibu na hapo. La pili, betri ya rimoti ikifa porini, msivunje kioo. Ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ukishaingia, kwa Toyota, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, bonyeza. Chipu iko mle ndani na, kama nilivyosema, haihitaji betri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, Marekani, waliichukua chipu moja iliyotumika kwenye magari mengi, wakaitafuta siri yake. Siri ile ilikuwa na urefu wa biti 40, yaani tarakimu 40 za sifuri na moja. Wakaipata, wakawasha Ford kwa kifaa cha kuiga. Watengenezaji nao wakatoa chipu yenye siri ndefu zaidi, ya biti 80. Mashindano hayo yanaendelea. Lakini waliofanya kazi ile ni wasomi, walikuwa na kompyuta na muda. Mwizi wa hapa kwetu anataka njia fupi, na njia fupi mara nyingi tunamfungulia wenyewe.

Mama mmoja, muuguzi, aliniletea kazi ndogo tu: ufunguo wa pili kwa gari alilolinunua kwa mtu. Nikachomeka mashine, ikasoma. Nikamwita aje aone kwa macho yake. Gari limesajili funguo tatu. Nikamuuliza, "Mama, wewe ulipewa mmoja. Hizo mbili ziko kwa nani?" Hakujibu. Alishika mlango wa gari, akakaa kwenye kiti. Kila usiku analiegesha nje ya nyumba yake, na mahali fulani hapa mjini kuna funguo mbili zinazoliwasha. Tukazifuta zote siku ile, tukasajili mbili mpya, zake peke yake. Na wewe uliyenunua gari mkononi kwa mtu, za kwako ni ngapi, na ziko kwa nani?

Na kuna mafundi, ni wenzangu lakini nitasema, ambao kazi ikiwashinda wanachukua chipu moja wanaifunga kwa selotepu kwenye ile pete ya waya, ndani ya kifuniko cha usukani, halafu wanakuchongea chuma kitupu. Gari linawaka, unafurahi, unalipa. Hawakukwambia kwamba sasa linawaka kwa chuma chochote kinachozungusha swichi, hata bisibisi. Mlinzi amefungwa kamba mlangoni, anamwitikia kila anayepita. Mzee mmoja wa Ukonga aliletewa gari la namna hiyo bila kujua. Lilichukuliwa nje ya msiba, watu wakiwa wanaomboleza. Halikuonekana tena mpaka leo. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kila gari linaloingia kwangu nifungue kile kifuniko nichungulie kwanza.

Ndiyo maana nikikuomba kadi ya gari na kitambulisho usikasirike. Nikikuuliza kama jina lililo kwenye kadi ni lako, usiniambie, "Fundi, wewe ni polisi?" Umepoteza ufunguo, njoo na ripoti ya upotevu ya polisi, njoo na kadi, njoo na gari lenyewe. Mimi sitengenezi ufunguo wa gari nisiloliona isipokuwa kwa mtu ninayemfahamu na kadi niliyoishika, na yule wa Segera alikuwa mteja wangu wa miaka. Fundi asiyekuuliza kadi wewe leo, kesho hatamuuliza mwizi atakayekuja na gari lako.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Mashine nimekuja nayo, iko kwenye meza ile chini ya mwembe. Nitakaa hapo mpaka adhuhuri. Njooni na funguo zenu niwapimie kama zina chipu, na anayetaka kujua gari lake limesajili funguo ngapi alisogeze karibu na uzio, moja baada ya jingine. Hiyo silipishi. Na wenye kile kibati cha namba, kipigeni picha leo hii, picha itumeni kwa mke au mume au ndugu mnayemwamini, kisha kibati chenyewe kirudisheni mahali pake, kisikae kwenye gari.